Heri Hutangulia Faida



Twaadhimisha siku hii huku nchi ikiwa na wasiwasi. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waliingia hata Bungeni, na roho zikapotea. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Mswada ulikwisha, lakini maswali yalibaki: ajira i wapi, na bei zitashuka lini?

Misukosuko si migeni kwetu. Sheria za 1967 za leseni za biashara na uhamiaji ziliwafanya jamaa zetu wengi kuhamia Uingereza. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, maduka ya Wahindi yaliporwa Nairobi. Mwanzoni mwa 2008 reli iling'olewa Kibera, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakachomeana nyumba. Kila mara tulijiuliza: twende au tukae?

Waliokwenda hatuwalaumu. Sisi tuliokaa tumejifunza kwamba ukuta mrefu humzuia mwizi, lakini pia humzuia jirani asisikie tukiita.

Basi tufanyeje? Siku ya Diwali, tufunguapo madaftari mapya ya hesabu, desturi yetu ni kuandika maneno mawili: Shubh, yaani heri, na Labh, yaani faida. Heri hutangulia. Mpangilio huo ni mwongozo wa kutosha kwa nyakati ngumu. Mshahara wa mfanyakazi ulipwe kabla ya kuagiza shehena nyingine. Bidhaa iliyokuwa ghalani kabla bei haijapanda iuzwe kwa bei yake ya jana. Kijana wa mtaani asiajiriwe kubeba magunia tu. Afundishwe pia kuagiza mali na kuandika hesabu, ili kesho awe na duka lake, hata likiwa mkabala na letu.

Vijana wetu watuuliza kama kuna maisha hapa. Hatuwezi kuwaahidi faida. Twaweza kuwakumbusha kwamba Julai 2017 Serikali ilitutambua kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Kutambuliwa huko ni haki, na ni wajibu pia: wale waliokuwa barabarani ni watoto wetu, na kilio chao chatuhusu.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu zetu waliokuja kwa majahazi walipokea jembe lao, nalo lilikuwa mizani. Kazi yetu ni kuishika sawasawa, mvua inyeshe au jua liwake.

Bhagwan aijalie nchi yetu amani, na majirani zetu riziki.