Tuhesabu Masomo Kabla ya Kukata Tamaa

(Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha wazazi na watahiniwa wa kujitegemea wa kata)

 

Matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, simu ya ofisi yetu hulia kama siku za kukatika kwa maji. Wengi wanaopiga ni watahiniwa wa kujitegemea, na swali lao karibu ni moja: kwa daraja hili, chuo kitanipokea?

Alitujia binti mmoja, fundi cherehani, aliyesoma usiku kwa miaka miwili baada ya kufunga kazi. Mtihani wa kwanza ulimpa C ya Kiswahili na D ya Uraia. Aliporudia masomo ya sayansi akapata D ya Biolojia na D ya Kemia. Fizikia akaambulia F. Alikuwa amekwisha kuamua kuacha, na cherehani ya pili ameishaitafutia bei. Nilimwomba aweke matokeo yote mezani, tukahesabu pamoja.

Daraja hukokotolewa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Aliyerudia masomo matatu hawezi kuona daraja la juu hata akipata A zote tatu. Kwa hiyo daraja lililomliza binti yule halikuwa kipimo chake. Vyuo vya astashahada vinavyosimamiwa na NACTVET kwa kawaida huanzia kwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ufaulu huanzia D, yaani alama 30. Matokeo ya mitihani miwili huweza kuunganishwa. Binti alikuwa nayo manne tayari, wala hakujua.

Lakini yeye anataka uuguzi, na hapo sitawaficha. Kozi hiyo hudai Kemia, Biolojia na Fizikia ziwemo katika hayo manne. Anadaiwa Fizikia. Kudaiwa somo moja si sawa na kushindwa mtihani, ingawa nyumbani kwao maneno hayo mawili yalikuwa yakitamkwa kama neno moja. Wazazi, naomba mlitazame hilo.

Hofu ya mtahiniwa wa kujitegemea ina sababu. Mwenzake wa shuleni huingia Novemba akiwa na alama za upimaji endelevu. Yeye hutegemea mtihani peke yake. Tena masomo ya sayansi yana karatasi ya vitendo. Anayejifunza Fizikia kwa daftari tu huenda akakutana na vifaa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Kabla ya kuchagua kituo, ulizeni kama kina maabara, na kama mtaruhusiwa kufanya mazoezi humo. Swali hili lina thamani kuliko kitabu kingine cha maswali na majibu.

Asiyefaulu Kidato cha Pili aanze na Mtihani wa Maarifa, yaani QT. Majina pia yaangaliwe mapema: Mwanaidi wa cheti cha kuzaliwa asije akawa Mwanahidi wa cheti cha mtihani, kwa kuwa usumbufu wake huanza chuoni.

Jambo la mwisho ni vishoka. Yupo atakayekuambia anaweza kukupatia nafasi chuoni bila sifa. Usimpe hata nauli. Sifa za kila kozi zimo katika mwongozo wa udahili unaotolewa na NACTVET, na vyuo vilivyosajiliwa vimeorodheshwa. Afisa Elimu Kata atakusaidia kuusoma. Njoo na nakala za matokeo yote, hata yale unayoyaonea aibu, maana D ya Uraia ya binti yule ilikuwa imefichwa chini ya godoro.

Yeye amerudi kujisajili kwa Fizikia. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.