Baa Zilifunguliwa, Jukwaa Je?

Wasikilizaji, hotuba ya Rais hapa Kenya, Jumatatu ile ya mwisho wa Septemba 2020, mliisikia, na asiyeisikia bila shaka alisikia shangwe za mtaani Jumanne jioni. Kafyu ya Korona ilisogezwa hadi saa tano usiku. Baa zilifunguliwa baada ya miezi sita. Harusi na mazishi, watu mia mbili. Ibada, thuluthi moja ya waumini. Wenye kiu walifurahi, nasi hatukuwa na kinyongo nao.

Ila jukwaa je?

Anayejua muziki wa bendi anajua saa zake. Bendi ya rumba haipandi jukwaani saa kumi na mbili jioni. Watu hutoka kazini, wakapitia nyumbani, wakaanza kuingia mmoja mmoja saa mbili, saa tatu. Fundi wa sauti bado anahangaika na nyaya, mpiga solo anapasha vidole. Saa nne ndipo meza zinasukumwa kando na watu wanaanza kucheza. Wakati huo saa nne hiyo hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kuuza kinywaji, na ikigonga saa tano kila mtu, kuanzia mwimbaji hadi anayeosha glasi, alitakiwa awe kwake. Mlango ulifunguliwa, onyesho likabaki limefungwa. (Vikundi vya taarab kule Mombasa angalau vilikuwa na harusi za watu mia mbili. Mwenye ukumbi wake Nairobi au Kisumu hakuwa na bibi harusi wa kumwokoa.)

Tuelewane. Hatukusema kafyu iondolewe. Chumba chenye dari fupi, madirisha yamezibwa ili majirani walale, watu mia wanaimba kwa sauti huku wamekaribiana: hapo ndipo Korona inapopata nafasi. Kufunga kulikuwa sawa. Kilichotukera ni kwamba aliyefunga kwa amri, kwa ajili ya afya yetu sote, aliachiwa bili yote peke yake. Mwenye jengo alitaka kodi. Benki ilitaka rejesho. Na kaunti ilitaka leseni.

Leseni! Ukumbi mdogo unalipia kibali cha biashara, leseni ya pombe, ada ya hakimiliki za muziki, na ukipiga ngoma usiku kuna habari ya kelele. Kila karatasi ina afisa wake, na kila afisa anaijua njia. Siku ya leseni, ukumbi ni biashara. Siku ya msaada, ukumbi ni anasa.

Mwezi Aprili mwaka huo wa 2020 Rais alitangaza shilingi milioni 100 kutoka Hazina ya Michezo kwa wasanii, waigizaji na wanamuziki. Jambo jema. Lakini hizo ni za msanii. Aliyenunua spika kwa mkopo na kuajiri mabawabu na wahudumu hakutajwa. Mwezi Mei ukaja mpango wa kufufua uchumi, bilioni 53.7, na ndani yake utalii ukatengewa bilioni 2 za mikopo nafuu ya kukarabati na kujipanga upya. Hoteli zikapata mlango wa kubisha. Ukumbi wa mtaani, unaolisha bendi tatu kwa wiki, ubishe wapi? Leseni tu ndiyo inayoujua.

Uingereza ilitangaza pauni bilioni 1.57 mwezi Julai kwa ajili ya sanaa, na kumbi ndogo za muziki zikatajwa waziwazi. Hatuna pauni hizo, tunajua. Lakini kutaja hakuna gharama.

Na ukumbi ukienda umekwenda. Pale Simmers, ukumbi wa katikati ya Nairobi, palipigwa rumba miaka nenda miaka rudi, hadi pakabomolewa mwaka 2018. Wanamuziki wapo, mashabiki wapo. Pahali pa kukutana ndipo hapapo. Spika zilizouzwa wakati huo kwa bei ya kutupa ili kodi ya Septemba ilipwe, nani angezinunua tena mwaka uliofuata? Vijana wanaojifunza kupiga ngoma wangepandishwa jukwaa gani?

Basi ombi letu mwaka huo lilikuwa hili: waheshimiwa magavana, Januari inakuja na maafisa wenu watabisha. Miezi sita iliyofungwa kwa amri ikatwe kwenye ada za mwaka ujao. Humtozi mtu leseni ya kazi uliyomkataza kuifanya! Wizara ya Michezo na Utamaduni nayo itenge fungu la kumbi, si la wasanii peke yao, na masharti ya hewa na nafasi yaandikwe kwa lugha ambayo mwenye ukumbi anaweza kuyafuata. Wenye majengo, punguzeni kodi, kwa sababu jengo tupu halilipi chochote.

Nawe msikilizaji tulikuambia hivi: usijifiche nyuma ya serikali. Bendi zikihamia Jumamosi mchana, nenda mchana. Vaa barakoa, kaa mbali na mwenzako, acha kupiga kelele sikioni mwa mtu. Na kiingilio lipa! Usimpigie simu mwenye ukumbi akuandike mlangoni upite bure kwa kuwa mnafahamiana tangu zamani. Kama ni rafiki yako, lipa mara mbili. Jumamosi hii, chagua ukumbi mmoja ulio karibu nawe, uliza wanapiga saa ngapi, uende na pesa yako mkononi.