Casablanca: waliosubiri karatasi

(Kiashirio cha kipindi. Muziki unapungua chini ya maneno.)

Uliyevuka mto na uliyevuka ziwa, karibu. Leo sina habari za mgao wala za ratiba ya shule. Nataka kukusimulia filamu moja niliyoitazama, na kukuambia ilivyonigusa.

Jina lake ni Casablanca. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, na bunduki inasikika mara chache tu. Kwenye kibanda cha video nilimoitazama, vijana walianza kutoka mmoja mmoja, wakiuliza hii ni vita gani isiyo na mapigano. Tulibaki wazee wachache na mama mmoja muuza maandazi. Yule mama hakunyanyuka mpaka mwisho, na maandazi yakapoa.

Mwanzoni unaonyeshwa ramani. Mstari unatoka Paris hadi Marseille, unavuka bahari hadi Oran huko Algeria, kisha unafuata ukingo wa Afrika, kwa treni, kwa gari au kwa miguu, hadi Casablanca, mji wa pwani ya Moroko, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wafaransa. Wanaopita njia hiyo ni Wazungu wanaomkimbia Hitler. Wanataka kufika Lisbon, Ureno, maana kutoka huko ndiko watu wanakovukia kwenda Marekani. Lakini ili utoke Casablanca unahitaji visa ya kutoka. Mwenye fedha anaipata, mwenye mtu wake anaipata. Wengine wanakaa. Wanakaa kwenye mkahawa wa Mmarekani mmoja aitwaye Rick, wakinong'onezana bei, na kila ndege ya Lisbon ikipita juu wanainua vichwa.

Wewe unayejua kusoma majina kwenye ubao wa matangazo, ukaanza juu hadi chini, kisha chini hadi juu kwa sababu labda hukuona vizuri, utawatambua watu hawa kabla hawajafungua mdomo.

Kuna mama mmoja anauza bangili yake ya almasi. Mnunuzi anamwambia samahani, almasi hazina bei siku hizi, kila mtu anauza almasi. Nilicheka, halafu nikaacha. Wiki tuliyokimbia sisi, mbuzi alikuwa akiuzwa bei ya kuku, kwa sababu kila mtu alikuwa anauza mbuzi.

Mapenzi pia yamo, na ndiyo yaliyoipa filamu umaarufu. Rick, aliyechezwa na Humphrey Bogart, anakutana tena na Ilsa, yaani Ingrid Bergman, mwanamke ambaye huko Paris alimwacha akimngoja kituo cha treni. Sasa Ilsa amekuja na mume wake, mpinzani wa Wanazi aliyetoroka kambi yao. Mkononi mwa Rick ziko karatasi mbili za kusafiria ambazo hakuna askari anayeruhusiwa kuzihoji. Nani apande ndege? Sikuambii, huenda filamu ikafika kwenye kibanda chako. Ila ujue kwamba karatasi za namna hiyo hazikuwepo, waandishi walizibuni tu. Karatasi ambayo hakuna askari anayeihoji! Mkimbizi yeyote angewaambia.

Jambo moja liliniudhi. Hii ni Afrika, lakini Wamoroko wenyewe wanapita nyuma tu, na hakuna anayewauliza wanawaonaje wageni hawa. Filamu ilipigwa studioni huko California, na huenda ndiyo sababu. Lakini habari yenyewe ya Wazungu kukimbilia Afrika ni ya kweli, na haikuishia Moroko. Mwaka huohuo wa 1942 Wapoland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, walianza kuletwa Afrika Mashariki kupitia Uajemi. Walikaa kambini Masindi na Koja huko Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, ambako walikuwa wapatao 5,000. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo.

Sasa nifike kwenye kipande kilichomzuia yule mama wa maandazi, na mimi pia.

Kuna msichana kutoka Bulgaria, anaitwa Annina. Ndoa yake ina wiki chache tu. Mume wake, Jan, yuko kwenye meza ya kamari akitafuta fedha za visa, na kila akicheza anapoteza. Mkuu wa polisi, Kapteni Renault, amemwambia Annina kwamba iko njia nyingine ya kupata visa. Filamu hailitaji neno lenyewe, na hakuna asiyeelewa. Annina anamwendea Rick. Hamwombi fedha. Kwanza anamuuliza kama Renault ni mtu wa kutimiza ahadi. Fikiria swali hilo, msikilizaji, na umri wa anayeuliza. Halafu anauliza: kama mwanamke anampenda mume wake, akafanya jambo baya ili mume awe salama, na mume asijue kamwe, je, angeweza kumsamehe?

Rick anamjibu kwa ukali, kama mtu aliyeguswa kidonda. Kisha anakwenda kwenye meza na kumnong'oneza Jan aweke kila kitu kwenye namba 22. Gurudumu linazunguka, linasimama 22. Anamwambia aache fedha palepale. Linasimama 22 tena. Sasa chukua fedha zako, anamwambia, na usirudi hapa.

Wengi wanakipenda kipande hiki kwa ajili ya Rick. Mimi macho yangu yalibaki kwa Renault. Filamu imemfanya mcheshi, nadhifu, mtu wa utani, na mwishoni tunatakiwa hata kumpenda. Anaona alichofanyiwa, anachukizwa kidogo, kisha anamwambia Rick kwamba kesho usiku atakuja na mwanamke mwingine, mrembo sana, na huyo angefurahi sana akipoteza. Watu wanacheka hapo. Kibandani kwetu hakuna aliyecheka. Huyo mwanamke wa kesho hatumwoni kwenye filamu, wala hakuna anayemwekea namba 22.

Kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka. Usajili ni bure. Mgao ni bure. Usaili ni bure. Kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure kuanzia fomu ya kwanza hadi mlango wa ndege. Mtu yeyote anayekutaka fedha, au anayekutaka wewe, ili jina lako lisogee, huyo anavunja sheria, hata akiwa amevaa fulana yenye nembo, hata akiwa jirani yako aliyeshika daftari la foleni. Aibu hiyo ni yake. Mwambie mtu unayemwamini, nenda kwa maofisa wa ulinzi, au andika na utie kwenye sanduku la malalamiko. Huna haja ya kuandika jina lako. Na baba unayenisikiliza, Jan hakuambiwa kitu na mke wake. Mumewe alikuwa mita chache tu kutoka pale alipokuwa akiuliza swali lile. Labda alihofia atakavyolipokea.

(Muziki mfupi.)

Nilipotafuta habari za waigizaji nilikuta jambo lililonifanya niitazame mara ya pili. Wengi wao walikuwa wakimbizi kweli.

Yule anayezungusha gurudumu la kamari ni Marcel Dalio, Mfaransa wa Kiyahudi. Wanazi waliibandika picha yake kwenye mabango kuonyesha watu sura ya Myahudi. Alikimbia Paris mwaka 1940 pamoja na mke wake, Madeleine Lebeau, wakafika Lisbon, wakapata visa za Chile. Meli ilipofika Meksiko ziligunduliwa kuwa za kughushi. Walikwama huko hadi Kanada ilipowapa pasi za muda. Mtu huyo aliyeuziwa visa bandia ndiye aliyewekwa mezani kuzungusha 22 kwa ajili ya visa ya Jan na Annina. Mhudumu mnene wa mkahawa, mpole, anayewachekesha watu, ni S. Z. Sakall wa Hungaria. Dada zake watatu walifia kambini mwa Wanazi. (Neno kambi lisikuchanganye hapa. Zile zilikuwa kambi za kifungo na za kuulia watu.) Na meja wa Kinazi, mbaya kuliko wote, alichezwa na Conrad Veidt, Mjerumani aliyeiacha nchi yake mwaka 1933 kwa sababu mke wake alikuwa Myahudi.

Basi ndipo inapokuja sauti. Maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao katikati ya mkahawa. Mume wa Ilsa anaiendea bendi na kuiambia ipige La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa. Rick anatikisa kichwa kukubali. Mkahawa wote unasimama, wanaimba mpaka sauti ya Wajerumani inamezwa. Kamera inakwenda kwa msichana mwenye machozi usoni. Ni Madeleine Lebeau, umri wake miaka 19. Paris ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, na ingebaki hivyo hadi Agosti 1944. Siku hiyo ya kupiga picha hapakuwa na mtu studioni aliyejua vita itaisha lini wala nani atashinda. Nimewahi kusikia watu wakiimba hivyo, kwenye hema la msiba, wimbo wa nyumbani.

Pia wako mzee na mkewe, wanangoja kuondoka kwenda Marekani, na wameapa kuzungumza Kiingereza tu. Mzee anamuuliza bibi saa ngapi, na Kiingereza chake kimevunjika kabisa. Bibi naye anajibu kwa kingine kilichovunjika vilevile. Wanaelewana. Ninyi wa madarasa ya jioni, hao ni wenzenu.

Na Jan na Annina? Usiku ule wanamfuata Renault na fedha mkononi, kwa furaha. Anawaambia waje ofisini kesho asubuhi. Jan anasema watakuwa pale saa kumi na mbili. Renault anajibu kwamba yeye atafika saa nne.

(Kiashirio.)