Kilo ya sambaza: ya mtoto au ya samaki?

(Muziki unashuka. Mzungumzaji anaanza.)

Leo tunaongea juu ya chakula cha samaki wa kufugwa. Kikundi kikishirikiana na wenyeji kufuga tilapia, pesa nyingi zinaishia kwenye chakula. Ukikosea hapo, unalisha bwawa miezi mingi na huvuni kitu.

Hapa Rusizi, ambako wengi bado wanaita Cyangugu, mtu wa kwanza kukushauri atakutajia sambaza. Samaki huyu mdogo aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, yaani kile kinachojenga mwili. Tilapia akimla anakua. Lakini mtoto wako naye akimla anakua. Kila kilo tunayosaga kwa ajili ya bwawa imetoka kwenye sufuria ya mtu.

Je, tunaweza kupunguza sambaza? Tupige hesabu. Tilapia anayekua anahitaji chakula chenye protini karibu asilimia 30. Tuseme sambaza mkavu ana 60, soya ina 40, na pumba za mpunga, zinazopatikana bonde la Bugarama, zina 10. Chukua kilo 2 za sambaza, 4 za soya na 4 za pumba: unapata asilimia 32. Sasa chukua kilo 1 ya sambaza, 5 za soya na 4 za pumba: unapata 30. Inatosha, na kilo moja ya sambaza imebaki nyumbani. Pumba peke yake ni rahisi kununua, lakini hazifiki popote.

Kabla ya kununua, kagua. Sambaza aliyeanikwa chini ana mchanga. Usinunue mchanga kwa bei ya samaki. Pumba nzuri ni laini mkononi. Zikichoma, ni makapi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia samaki kuyeyusha protini, kwa hiyo ikaange mpaka ianze kubadilika rangi, bila kuiunguza. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Yapondwe na yakaushwe vizuri kwanza, na yawe kidogo tu. Mahindi au soya yenye ukungu, acha kabisa. Kuanika au kuchemsha hakuondoi sumu ya ukungu. Usimpe samaki, na nyumbani usile.

Mwishowe, waulize samaki wenyewe. Pima samaki 20 leo, uwarudishe majini, kisha pima tena 20 baada ya mwezi. Zidisha nyongeza ya samaki mmoja kwa idadi ya waliomo bwawani. Andika na kilo za chakula ulichotoa. Kilo 10 za chakula zikiongeza kilo 5 za samaki, endelea. Zikiongeza kilo 2 tu, chakula hicho hakifai, au unamwaga kingi kinaoza chini. Toa kidogo kidogo, na samaki wakiacha kula, acha nawe.

Kaeni na kikundi chenu, mpige hesabu hiyo kabla ya kwenda sokoni. Tukutane kipindi kijacho. Muwe salama.

(Muziki unapanda.)