Sindano ya Pili ya Leonard

Leo twende Toronto, Kanada, Januari 1922. Katika Hospitali Kuu ya mji huo amelazwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Ana uzito wa kilo 29 tu, nywele zinamdondoka, na tumbo limemvimba.

Leonard anaugua kisukari. Kongosho lake halitoi tena insulini, homoni inayouwezesha mwili kuitumia sukari. Sukari hurundikana kwenye damu na kutoka kwa mkojo, huku mwili ukiyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe hadi damu ijae asidi. Wakati huo kilichokuwapo ni mlo wa Dakta Frederick Allen wa New York: mtoto apewe chakula kidogo mno ili sukari ishuke. Mlo huo uliwaongezea watoto muda, lakini waliishi na njaa usiku na mchana. Mzazi ndiye aliyelazimika kumnyima mwanawe tonge. Kila nikiisoma habari hii, hapo ndipo moyo unaponiuma zaidi.

Tarehe 11 Januari, Leonard alidungwa maji mazito ya rangi ya kahawia, yaliyotokana na kongosho la ng'ombe. Yalitengenezwa na Frederick Banting na Charles Best, waliokuwa wakifanya majaribio kwa mbwa tangu mwaka uliotangulia, katika maabara ya Profesa John Macleod. Sukari ilishuka kidogo tu, na palipodungwa pakafanya jipu. Madaktari wakasimamisha dawa.

Sifa nyingi hupewa Banting na Best, nao wanastahili. Lakini sindano ya pili ilitoka mikononi mwa James Collip, mwanakemia aliyejiunga nao Desemba 1921. Alikuwa akiongeza alkoholi kidogo kidogo, akitafuta kipimo ambacho uchafu hujitenga huku insulini ikibaki kwenye maji, kisha kipimo cha juu zaidi ambacho insulini yenyewe hutuama. Alikipata, kwenye alkoholi ya zaidi ya asilimia 90.

Tarehe 23 Januari Leonard alidungwa tena. Safari hii sukari ya damu ilishuka kutoka miligramu 520 hadi 120 kwa desilita kwa muda wa siku moja. Akaanza kuchangamka, akapata nguvu.

Mzazi unayenisikiliza, dalili za ugonjwa huu hazijabadilika tangu enzi za Leonard: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hata kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha, na kukonda ingawa anakula. Akianza kutapika na kuhema kwa nguvu, ni rahisi kudhani ni malaria. Mwombe mhudumu ampime sukari siku hiyohiyo, maana kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumgharimu uhai.

Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923. Banting akagawana fedha zake na Best, na Macleod akagawana zake na Collip. Hataza ya insulini ilikuwa imeuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mmoja wa wavumbuzi watatu: Banting, Best na Collip.

Leonard aliishi hadi 1935, akafa kwa nimonia. Teddy Ryder, mgonjwa mwingine wa kisukari aliyefikishwa Toronto Julai 1922 akiwa na miaka 5 na uzito wa kilo 12, alijidunga insulini hadi uzeeni, akafariki mwaka 1993 akiwa na miaka 76.