Tubishe Mlango wa Jirani

Leo tutazame kwetu Kibugu, huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Wazee wetu walibadilishana nafaka ya huku juu kwa mbuzi na asali ya Mbeere. Njaa ilipobana kule chini, wengine walipanda, wakapokelewa, wakabaki. Biashara ilitangulia, undugu ukafuata.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1906 Waingereza waliishinda Embu kwa bunduki. Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Watu wakahamishwa kwa nguvu na kurundikwa vijijini. Ndugu wa tumbo moja wakatengana, huyu msituni, huyu homugadi. Mwaka 1960 hali ya hatari iliondolewa. Je, mioyoni nako iliondoka?

Hata leo wapo majirani wasioamkiana, na watoto wamerithi uadui ambao chanzo chake hawakijui. Nasi tumeketi benchi moja kanisani huku tukikwepana macho.

Katika Kumbukumbu la Torati 10:19 Mungu anawaagiza Israeli wampende mgeni, kwa kuwa wao nao walikuwa wageni Misri. Basi ni nani kati yetu asiye mjukuu wa mgeni, au wa aliyekosewa, au wa aliyekosa?

Wapendwa, kabla hatujaikaribia meza ya Bwana, tuvuke njia tukabishe mlango wa jirani. Tusingoje aanze yeye. Mungu atusaidie. Amina.