Kiti Kikiwa Wazi, Nani Ashike Kitabu?

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware)

Akina mama, wazee na vijana, leo tunaongea juu ya kiti cha mwenyekiti kinapobaki wazi. Mwenyekiti amefariki, ama amehamia ushago, na matanga hayajaisha watu wanagombania kitabu cha benki. Hayo mnayajua kutushinda.

Kanisa nalo hupatwa na jambo hili. Tarehe 4 Januari 2021 Kardinali John Njue alistaafu uaskofu mkuu wa Nairobi, na mrithi hakuwa ametajwa. Papa Fransisko alimteua Askofu msaidizi David Kamau kuwa msimamizi, mpaka Askofu Mkuu Philip Anyolo aliposimikwa Novemba mwaka huo. Miezi zaidi ya kumi!

Papa asipoteua mtu, sheria za Kanisa za 1983 zinawapa mapadre washauri wa jimbo siku nane tu kumchagua msimamizi. Hapa sikilizeni vizuri: msimamizi hawezi kuwa mweka hazina wakati huo huo. Tena haruhusiwi kuanzisha mambo mapya, wala kuondoa au kuharibu karatasi za ofisi.

Ukali huu wote wa nini? Tazameni Uingereza ya zamani. Askofu akifa, mfalme alishika mashamba yake na kula mapato mpaka apatikane mwingine. Sasa mtu anayekula kiti kikiwa wazi ataharakisha uchaguzi kweli? Kiti cha Canterbury kilikaa wazi toka 1089 hadi 1093. Baadaye watunzaji wa mfalme walilalamikiwa kwa kuharibu mali waliyopewa kulinda, hata mwaka 1340 Mfalme Edward wa Tatu akakubali mapadre wa kanisa kuu waitunze wenyewe, wamlipe yeye kodi. (Hata hapo mfalme hakukosa chake!)

Kwa hivyo katiba ya kikundi iseme: kiti kikibaki wazi, mkutano uitwe kwa siku ngapi? Nani ashikilie? Mweka hazina abaki na kazi yake moja. Mikopo mipya ingoje uchaguzi, michango na malipo yaendelee. Vitabu vihesabiwe mbele ya wanachama siku hiyo hiyo. Na anayeshikilia asipewe posho ya kila mwezi, maana mtamfanya kama yule mfalme.

Mkutano ujao kila kikundi kilete katiba yake. Tutatafuta kifungu hicho pamoja, na kama hakipo tutakiandika hapo hapo.